Mtoto anayelishwa kwa mpira: Tunataka lishibe tumbo lake au macho yetu?

KATIKA nyumba zetu za mjini, mgeni akija kumuona mtoto mchanga maswali yake huwa ni yale yale. Ananyonya? Analala? Hakusumbui usiku? Jibu la swali la kwanza likiwa ni "ananyonya vizuri, alhamdulillah", nyuso hukunjuka na mazungumzo yakaendelea. Likiwa ni jibu jingine, ukimya huingia chumbani na mama akainamisha uso kama mtu aliyekamatwa na kosa.

Makala hii naiandika kwa ajili ya wazazi wanaoujua ukimya huo. Aidha, naiandika kwa ajili yetu sote ambao, kwa kujua au kutojua, ndio tunaousababisha.

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu watoto ambao hawawezi kunyonya wala kumeza kwa usalama. Wengine wamezaliwa njiti, na inafahamika kuwa uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hauanzi kukaa sawa mpaka mtoto afikie takriban wiki 32 hadi 34 za umri wa ujauzito. Wengine wamezaliwa na kaakaa lililopasuka. Wengine wana maradhi ya moyo, wakinyonya kidogo tu wanachoka na kutota jasho. Na wengine wana mtindio wa ubongo, ambao mara nyingi huku kwetu hutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Watoto kama hawa hospitali huwawekea mpira wa kulishia. Ni mrija mwembamba na laini unaopitishwa puani, ukateremka kooni mpaka tumboni. Mwisho wake wa nje hubandikwa shavuni kwa plasta. Maziwa au chakula chepesi humiminwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, yakashuka yenyewe taratibu. Mtoto anayehitaji msaada huo kwa muda mrefu anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo, mpira ukawekwa moja kwa moja tumboni kupitia kwenye ngozi.

Hayo ni mambo ya madaktari, na wao ndio wenye elimu nayo. Lakini kuna swali ambalo daktari hawezi kutujibia, kwa sababu si la kitabibu. Je, mzazi anayemlisha mwanawe kwa mpira, amemlisha? Au ametimiza tu shughuli ya hospitali huku wajibu wake kama mzazi ukibaki deni?

Swali hili linaweza kuonekana dogo kwa asiyefikwa nalo. Nitaeleza kwa nini si dogo.

Siku ya Idd

Binti yetu alizaliwa Septemba mwaka 2020 na alichelewa sana kulia. Kwa miezi sita mama yake alikesha naye akijaribu kumnyonyesha. Anavuta mara mbili tatu, anapaliwa, anabadilika rangi, anaachia. Tulipofika hospitali mwezi Machi mwaka 2021 alikuwa na kilo 4.3, uzito ambao watoto wengi huupita wakiwa na miezi miwili tu. Wakamuwekea mpira wa puani na kutufundisha kuutumia. Kwa wiki tisa akaongezeka kilo moja na robo. Mashavu yakaanza kutokea, akaanza kutufuata kwa macho.

Kisha ikaja Idd el-Fitr. Wageni walikuwa wanatoka Tanga, wazee wa upande wangu, na wengi wao walikuwa hawajamuona mtoto. Asubuhi ile, baada ya kutoka kuswali, nilimwambia mke wangu autoe mpira kwa siku ile moja tu. Akaniuliza, "Baba watoto, na akipaliwa je?" Nikamjibu kuwa amtegemee Allah.

Mchana bibi mmoja mwenye mapenzi makubwa alimpakata mtoto akamlisha uji wa mchele kwa kijiko. Mtoto alikohoa kidogo, macho yakamtoka machozi, kisha uji ukaonekana umepita. Nyumba nzima ikafurahi. "Mmeona? Mtoto anakula huyu, ni nyinyi mmemuendekeza!" Nami nikasema alhamdulillah kwa sauti ili kila mtu asikie.

Usiku ule homa ilipanda, akawa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Uji ulikuwa umepita, lakini sehemu yake ilipita njia ya hewa ikaingia mapafuni. Tulilazwa siku 12 kwa kichomi, siku tano kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Muuguzi aliuliza kwa ukali ni nani aliyemwambia mama autoe mpira. Mke wangu alinyamaza. Alinisitiri. Na mimi, mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, ninayewafundisha vijana kila wiki juu ya amana na ukweli, nilisimama pembeni ya kitanda nikanyamaza pia.

Siku ile sikusema. Nasema leo, kwa sababu nimegundua kuwa sikuwa peke yangu. Nimekutana na akina baba na akina mama kadhaa waliofanya kama nilivyofanya, kwa sababu kama yangu. Na sababu hiyo si kumtegemea Allah. Sababu ni aibu. Niliivalisha aibu yangu kanzu ya tawakkul nikaipeleka mbele za watu.

Sheria inaitazama vipi?

Baada ya siku zile nilirudi kwenye vitabu nikiwa na swali nililolitaja hapo juu. Nilichokikuta kilinishangaza, kwani jambo hili wanazuoni wetu walikuwa wamelifikia karne nyingi kabla ya mpira huu wa plastiki kuwepo.

Tuanze na aya ya 233 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo msingi katika suala la kunyonyesha. Allah (sw) ametaja humo miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Lakini aya haikuishia hapo. Imemuwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama kwa wema. Imeeleza kuwa mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Imetaja wazazi kuridhiana na kushauriana katika kumwachisha mtoto ziwa. Na imeruhusu mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine pale inapohitajika.

Tuzingatie hilo la mwisho. Lau kama thamani yote ya kumlisha mtoto ingekuwa katika kifua cha mama na mdomo wa mtoto kukutana, ruhusa hiyo isingekuwepo. Kuwepo kwake kunatuonesha kuwa jambo linalolindwa ni mtoto apate maziwa na akue, na kwamba njia ya kufikia hapo inaweza kubadilika bila ya wazazi kuwa wamevunja amana.

Sasa tutazame wanavyuoni wa fiqhi katika mlango wa kunyonya. Waliuliza: mtoto akipewa maziwa ya mwanamke bila ya kunyonya ziwa, je, hukumu ya kunyonya inapatikana? Wakazigawa njia. Ipo ya kumiminiwa maziwa mdomoni, wanayoiita wajur. Na ipo ya kumiminiwa maziwa puani, wanayoiita sa'ut. Jamhuri ya wanavyuoni wamesema kuwa njia zote mbili zina hukumu ya kunyonya. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani yetu, Imam Nawawi ameliweka hilo wazi katika Minhaj. Wako waliohitilafiana nao, akiwemo Ibn Hazm, walioona kuwa kunyonya ni kule kwa mdomo kwenye titi tu. Lakini rai ya walio wengi ndiyo hiyo.

Je, tunaona uzito wa jambo hili? Mama aliyekaa saa nane za usiku akikamua maziwa yake kwenye kikombe, akayamimina kwenye bomba, yakashuka kupitia pua ya mwanawe, huyo kwa mizani ya jamhuri ya wanavyuoni hajatofautiana na aliyenyonyesha kwa kifua. Majirani wanaweza kusema hakunyonyesha. Mwenyewe anaweza kulia akasema hakunyonyesha. Fiqhi inasema amenyonyesha.

Wala jambo hili lisitushangaze. Kila Ramadhani masheikh wetu hutukumbusha kuwa aliyefunga asizidishe kupandisha maji puani wakati wa kutawadha. Kwa nini? Kwa sababu pua ni njia inayofika ndani. Tunaikubali njia hiyo pale inapoweza kuharibu funga zetu, kisha tunaikataa pale inapookoa maisha ya mtoto!

Hapa kuna faida nyingine ya kivitendo. Ikitokea maziwa yanayopita kwenye mpira ni ya mwanamke mwingine, kwa mfano dada wa mama au mzazi wa kitanda cha jirani, udugu wa kunyonya unaweza kuthibiti. Kwa madhehebu ya Shafii ni pale inapotimia mara tano zinazojitenga, ndani ya miaka miwili ya mtoto. Hivyo basi iandikwe na watu waambiane, ili kesho wasije wakaoana ndugu. Na kabla ya hayo wauguzi waulizwe, kwani yapo maradhi yanayopita katika maziwa.

Aidha, wale wanaodhani kuwa kulisha kwa mrija ni bidaa ya Wazungu, nawakumbusha habari za Ibn Zuhr, tabibu Muislamu wa Seville huko Andalusia, aliyefariki mwaka 1162. Huyu katika kitabu chake At-Taysir alieleza namna ya kumlisha kwa mrija wa fedha mgonjwa ambaye koo lake limeshindwa kupitisha chakula. Ama njia ya siku hizi ya kuweka mpira tumboni bila ya kupasua tumbo kwa upana, ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1979 mjini Cleveland, Marekani, na madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto mchanga aliyeshindwa kula. Elimu ni moja, ameianza huyu na kuiendeleza yule.

Hoja tunazozisikia

Pamoja na hayo, zipo hoja ambazo mzazi wa mtoto huyu huzisikia karibu kila wiki, na si haki kuzipuuza, kwani wengi wanaozisema hawana nia mbaya.

Ya kwanza ni ya tawakkul: kwamba Allah ndiye Mwenye kuruzuku, basi toeni mpira mumuachie Yeye. Hakuna shaka kuwa riziki ni ya Allah. Lakini Mtume (saw), kama alivyopokea Tirmidhi, alimuelekeza yule aliyeuliza juu ya ngamia wake kuwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Asiyeona tatizo kwa ngamia kufungwa kamba, kwa nini aone tatizo kwa mtoto kuwekewa mpira? Isitoshe, anayesema hivyo mwenyewe hula kwa mkono wake mara tatu kwa siku, wala hakai akingoja riziki iingie tumboni bila ya sababu. Mkono wake ni sababu. Mpira ni sababu. Mwenye kuruzuku ni Mmoja.

Ya pili hutolewa na wenye elimu kidogo ya hadithi. Wanataja ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah inayokataza kuwalazimisha wagonjwa kula na kunywa. Wanavyuoni wa hadithi wameijadili nguvu yake, lakini tuichukue kama ilivyo. Ni nani hasa anayemlazimisha mtoto? Ni yule anayemlaza chali mapajani, akambana pua ili afungue mdomo, akamkaba uji kwa kiganja huku mtoto anatapatapa? Au ni yule anayemiminia maziwa kwenye mrija huku mtoto amelala zake kwa utulivu? Mimi naona hadithi hiyo, ikiwa itatumika hapa, basi inatukanya na ule mtindo wetu wa kukaba uji. Mtoto ambaye misuli ya koo lake haifungi njia ya hewa kwa wakati, kumkaba uji si kumlisha. Ni kumhatarishia mapafu.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na huwa inasemwa kwa sauti ya chini: "Mnamtesa malaika wa Mungu. Mwacheni apumzike." Hoja hii imewahi kunikosesha usingizi. Naomba tutofautishe mambo mawili. Yupo mgonjwa ambaye ajali yake imekaribia na madaktari wamesema tiba haina tena la kumsaidia. Mambo ya huyo yana mjadala wake, na wazazi wake wakae na madaktari pamoja na wanavyuoni. Lakini mtoto ninayemzungumzia hayuko katika sakarat. Anacheka akisikia sauti ya dada yake. Analia akilowa. Huyu hafi, huyu ana njaa. Kumuacha mwenye njaa bila chakula ilhali chakula kipo na njia ipo, hakuwezi kuitwa kumpumzisha. Mtume (saw) ametusimulia juu ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimuachie ajitafutie. Huyo alikuwa paka. Itakuwaje kwa mtoto ambaye hawezi hata kusema kuwa ana njaa?

Ipo na ya nne, kwamba mtoto ana jicho au ana zongo. Jicho ni haki, hilo tumefundishwa, na kisomo ni katika Sunna. Msomeeni mtoto Al-Fatiha, Ayatul-Kursiy na Muawwidhatayn asubuhi na jioni. Lakini kisomo hakihitaji mpira utolewe kwanza. Anayewaambia mtoe mpira ili dawa yake ifanye kazi, huyo muogopeni.

Gharama ya kila siku

Tusije tukadhani kuwa hukumu ikishajulikana basi mzigo umekwisha. Mtoto wa umri huu hulishwa takriban kila baada ya saa tatu, yaani mara 8 usiku na mchana. Kila mara inachukua kiasi cha dakika 40 tangu kunawa mikono, kupasha maziwa, kulisha, kuosha vyombo mpaka kumaliza. Fanya hesabu utaona ni zaidi ya saa tano kwa siku, kila siku, hakuna Jumamosi wala sikukuu.

Na ni kazi inayotaka umakini. Kabla ya kumimina chochote lazima uhakikishe kuwa mpira uko tumboni na haukuhama kwenda njia ya hewa. Unatazama alama iliyo kwenye mpira pale puani, unavuta majimaji kidogo ya tumboni na kuyapima kwa karatasi kama ulivyofundishwa. Ukiwa na shaka, humimini. Mtoto anainuliwa kichwa na kifua. Maziwa yanaachwa yashuke yenyewe, hayasukumwi kwa nguvu. Akikohoa sana au akibadilika rangi, unasimamisha papo hapo. Ukimaliza unapitisha maji kidogo kusafisha mpira, kisha anabaki ameinuliwa kwa nusu saa. Hayo nayataja ili watu wajue ukubwa wa kazi. Ama kujifunza kuifanya, ni kwa wauguzi na si kwa gazeti.

Mke wangu aliwahi kuniambia, baada ya swala ya alfajiri, kwamba amesahau mara ya mwisho alipolala saa nne mfululizo. Hapo ndipo ile sehemu ya aya, kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, iliponigonga. Nilikuwa naisoma kila mwaka mbele ya wanafunzi kama hukumu ya wanandoa walioachana. Sikuwahi kufikiri kuwa naweza kuivunja nikiwa ndani ya ndoa, mume mwema machoni pa watu, kwa kulala tu usingizi wangu wote huku mwenzangu anaamka saa nane na saa kumi na moja.

Akina baba wenzangu, mpira huu hauhitaji kifua cha mama. Hii ni rehema ambayo wengi wetu tumeikimbia. Baba wa mtoto anayenyonya anaweza kusema hana uwezo wa kunyonyesha. Baba wa mtoto wa mpira hana udhuru huo. Akishafundishwa na wauguzi, anaweza kumlisha mwanawe kwa mkono wake akiwa na siku moja ya kuzaliwa. Nilijifunza, nikachukua zamu ya saa tano usiku na ya saa nane. Ni katika zamu hizo ndipo nilipomjua binti yangu.

Yanayotupasa sote

Majirani na jamaa nao wana sehemu yao. Mkija kumuona mtoto msiulize, "Utatoka lini huo mpira?" Wazazi wenyewe hawajui. Wapo watoto wanaotolewa baada ya wiki chache, hasa njiti. Wapo wanaochukua miaka. Wapo watakaoishi nao. Ulizeni kinachofanyika leo. Ulizeni kama mama amekula. Shangazi au dada anayeweza kujitolea, aende hospitali au kliniki akafundishwe kulisha, ili siku moja katika wiki mama yule aweze kwenda darsani au alale tu. Watu wa msikiti wanaochanga kwa ajili ya mazishi na maulidi, wakumbuke pia kuwa mipira, mabomba na nauli za kliniki vinagharimu, na mara nyingi baba anaona haya kusema.

Na wazazi wenzangu, msimfiche. Wakati wa kula ukifika, mtoto huyu awe pale pale kwenye sinia pamoja na wenziwe. Asikie harufu ya pilau, aone mikono inavyokwenda mdomoni, naye apewe chakula chake kwa mpira wakati huo huo. Semeni Bismillahi kwa sauti wakati wa kumimina, kama mnavyosema kwa wengine. Wauguzi wakiruhusu, apakwe kiasi kidogo cha ladha kwenye midomo, ili mdomo usiwe mgeni na chakula siku ukiruhusiwa kukipokea. Riziki ya tumbo imepita puani, lakini ipo na riziki ya kuwa mmoja wa watu wa nyumba ile, na hiyo haina mpira wa kuipitisha ila sisi wenyewe.

Binti yetu alihamishiwa mpira wa tumboni mwaka 2022. Hadi leo chakula chake kikubwa kinapita humo, na kwa mdomo anapata vijiko vichache vya mtindi mzito, tena akiwa amekaa sawasawa na kwa subira. Idd zimekuja na wageni wamekuja. Bibi yule aliyemlisha uji alikuja pia, na safari hii nilimweleza mbele ya watu yale ambayo sikumwambia muuguzi: kwamba mpira ulitolewa kwa amri yangu, wala si kosa lake wala la mama wa mtoto. Alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu. Mimi ningejifunza." Na kweli alijifunza. Siku ile yeye ndiye aliyeshika bomba.

Turudi kwenye swali letu. Tunapokwenda Hija au Umra tunakwenda mara saba baina ya Safa na Marwa, kwa kumfuata mama mmoja, Bi Hajar, aliyekuwa akimtafutia maji mwanawe mchanga jangwani. Ndugu msomaji, unajua maji yalitoka wapi. Hayakutoka Safa wala hayakutoka Marwa. Yalitoka pale alipokuwa mtoto, mahali ambapo mama hakupatarajia. Lakini hakuna Muislamu anayesema kuwa Bi Hajar alikimbia bure. Kukimbia kwake ndiko kulikofanywa ibada mpaka Siku ya Kiyama, na maji yale tunayanywa hadi leo.

Basi mama unayeamka saa nane usiku na bomba mkononi, na baba unayekaa kwa zamu pembeni ya kitanda, njia uliyoitarajia haikuwa hii. Riziki ya mtoto wako imepitia mahali pengine. Umemlisha.

Allah (sw) awape afya watoto wetu, awape nguvu wazazi wao, na atusamehe pale tulipowatazama watu tukamsahau mtoto. Amin.